Gunia la Matabaka Matatu

Jumatatu, 14 Oktoba
Bwana shamba Mahaman kaleta magunia ya kuhifadhia kunde. Yalibuniwa na watu wa nchi tajiri, siku hizi yanatengenezwa hapa hapa Niger. Mifuko miwili ya plastiki ndani, gunia nje. Bila dawa. Kila mwanamke kapewa moja la bure, mengine dukani. Nikamuuliza, matajiri wametugawia akili, magunia wameyabania? Akacheka, akanijibu: Wakigawa yote bure, Inna Delu, mwenye duka atafunga. Wao wakiondoka utayapata wapi? Mungu ampe maisha, mtoto yule. Ila kunde zangu zinajaza matatu, na mbegu yangu yote ya mvua ijayo imo humo.

Alhamisi, 17 Oktoba
Nimepata akili. Nimeyatenganisha matabaka. Sasa nina magunia matatu! Jirani yangu Tsahara kanunua la pili kwa pesa yake, maskini. Eti Mahaman alisema yakae pamoja. Nikamwambia Mahaman hajazaa hata mmoja, atajuaje kugawa?

Ijumaa, 6 Desemba
Wadudu. Gunia la kwanza, kunde zote matundu. La pili vilevile. La tatu lilikuwa karibu litembee lenyewe. Nimekaa chini. Sina hata punje ya kupanda. Tsahara kachungulia uani, nikajifanya napepeta.

Jumapili, 8 Desemba
Tsahara kaja na mbegu beseni zima, ngumu, zinang'aa. Kaniletea na gunia lake moja, matabaka yote. Nilitaka kukataa, mikono ikapokea. Kasema chukua, bibi mbishi, ukifa njaa nitagombana na nani? Nimelia, kisha nimempikia dan wake, yale matonge ya unga wa kunde, kamaliza bakuli mbili. Mahaman kapita, kaeleza tena taratibu, wala hakunicheka: ukifunga yote matatu kwa kukaza, hewa haiingii, wadudu wanakosa pumzi. Mungu awabariki wote wawili, na wale wa ng'ambo waliofikiria tumbo langu bila kunijua.

Jumanne, 10 Desemba
Sasa nimeelewa. Adui ni hewa. Kwa hiyo asubuhi na jioni nafungua matabaka yote matatu, natia mkono mpaka chini kabisa, nakagua kama imeingia. Mpaka leo, alhamdulillahi, sijaikuta.