Nafasi ya Badibanga

Jumatatu, 5 Aprili 1993

Mvua tangu asubuhi. Magazini, ghala la vifaa vya mgodi, nimehesabu makoleo thelathini na mawili, yaleyale ya Ijumaa. Tangu mgodi uporomoke na Wazungu waende zao, hakuna anayekuja kuchukua koleo. Mimi Numbi, miaka arobaini na tisa, mlinzi wa makoleo.

Lakini leo habari! Mkurugenzi mpya atapokea wageni Jumapili ya Pasaka pale Cercle, klabu ya kampuni, na Cercle haina tena msimamizi. Msimamizi alikuwa jirani yangu Badibanga. Miaka kumi na saba nyuma ya kaunta. Koti jeupe, nyumba ya matofali, maji ya bomba hadi ndani. Wiki mbili sasa yuko stesheni na mke wake Agnès na watoto wanne, anangoja treni ya Kasai, kwa sababu nkambo yake, yaani babu, alitoka jimbo la Kasai. Yeye mwenyewe alizaliwa hapahapa Kolwezi, barabara ya tatu kutoka kwangu. Kasai hajaiona hata kwa picha. Lakini vijana wenye marungu wanaowafukuza Wakasai mjini hawaulizi habari zako. Wanauliza za nkambo.

Mkurugenzi amesema wazi: atakayemtengenezea kile kinywaji alichokuwa akikipata kwa Badibanga, vodka na likeri ya lozi juu ya barafu, glasi fupi, huyo ndiye atapewa Cercle. Na nyumba.

Kitu chepesi. Kama Badibanga aliweza, nani atashindwa?

Ndaya, mke wangu, alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza kama nimewahi kuona lozi. Nikamjibu kwamba wanawake hupenda sana mambo madogomadogo.

Jumanne, 6 Aprili

Nimesoma kamusi ya shule ya binti yetu Shekina. Lozi: tunda la mti wa nchi za jua. Jua tunalo. Lozi hatuna.

Vodka: pombe kali, nyeupe, isiyo na harufu. Nimenunua lutuku kwa mama Ernestine, mpishi wa pombe wa mtaa wetu. Nyeupe ni nyeupe, kali ni kali, ila harufu yake inafika mgodi wa Mashamba kabla yako. Nimeichuja mara tatu kwa makaa na kitenge. Sasa inanuka lutuku, makaa na kitenge. Kitenge kilikuwa cha Ndaya, kile cha kanisani. Siku ndefu.

Badala ya lozi, karanga. Nimezikaanga, nimezitwanga, nimezitia sukari na lutuku. Akapita Gracien Kabemba, karani wa ofisi ya mishahara, ofisi ambayo siku hizi ina kazi kidogo kuliko yangu. Naye anaitaka Cercle. Anasema yeye atampa mkurugenzi divai ya misa na tabasamu. Akaonja yangu, akafikiri, akaniuliza kuku yuko wapi, maana mchuzi ameuona.

Mtu wa viatu vinavyolia! Ataisimamia Cercle kwa viatu?

Jumatano, 7 Aprili

Nimepata! Kamusi tena. Likeri yenyewe inatoka kwenye lozi chungu. Na harufu ya lozi chungu, anasema mwalimu wa kemia wa Shekina, ndiyo harufu ya muhogo mchungu uliotoka shambani sasa hivi. Muhogo mchungu! Wazungu wanavuka bahari kutafuta kitu ambacho sisi tunakiloweka siku nne ili kiondoke.

Nimemenya mitano mibichi. Maganda ndani ya lutuku, sukari niliyoiunguza kwa ajili ya rangi. Harufu ileile ya kaunta ya Badibanga, naapa. Nimefunika. Kesho nitaonja.

Alhamisi Kuu, 8 Aprili

Sikuonja. Ndaya alifunua sufuria mapema, akanusa, akalibeba na kulimwaga nyuma ya nyumba. Kisha akaja kusimama mbele yangu, akaanza na tata, yaani baba, kama anavyofanya akikasirika.

"Weye tata, mutoto wa miaka tano anajua: muhogo muchungu bila kuloweka, ni kaburi. Ulitaka kumupa mukurugenzi kaburi na barafu?"

Nikasema kipimo kilikuwa kidogo. Wakati huo bata watatu wa mama Ernestine walikuwa wamekwisha kunywa. Saa nne hawakuwapo tena duniani. Mama Ernestine amekuja na mizoga mikononi. Nimemweleza kwamba Juma Kuu ni wakati wa majonzi kwa viumbe vyote. Amesema atachukua majogoo wangu wawili. Amewachukua.

Imebaki njia moja. Aibu, lakini njia.

Ijumaa Kuu, 9 Aprili

Stesheni. Sijawahi kuona watu wengi hivyo chini ya mvua. Masufuria, magodoro, cherehani, wazee wamekaa juu ya milango ya nyumba zao, maana wengine wameing'oa na kuibeba. Matope hadi kwenye vifundo. Vijana wanapita wakiimba kwamba wadudu, ndivyo wanavyowaita Wakasai, waende kwao. Mmoja wao mwaka jana alikuwa anakunywa bure kwa Badibanga.

Badibanga alinipokea vizuri mno. Koti lake jeupe limekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki, safi. Agnès anakohoa. Nikazunguka kidogo, nikasema nimekuja kuwajulia hali, nikazunguka tena. Akanikatiza. Aliniuliza kama ni kwa ajili ya kile kinywaji. Kumbe Gracien alikwisha kuja jana kwa shida hiyohiyo, akaahidi mkate, akaenda na ahadi yake.

Badibanga anayo nusu chupa ya likeri, ya kweli, ameachiwa na Mzungu wa mwisho, na robo ya vodka. Hatanywa kwenye behewa la ng'ombe. Atanipa zote, pamoja na koti, kama nitamletea turubai moja kutoka magazini, watoto walale pakavu.

Nimekubali mara moja. Akanifundisha pale pale, kwa vikombe vya bati na maji ya mvua: sehemu mbili vodka, sehemu moja likeri, barafu kwanza, usikoroge kama uji.

"Mimina polepole, Numbi. Ukiharakisha, mutu ataona unamuogopa."

Magazini yako maturubai mawili, moja zima na moja lenye matundu. Zima ni mali ya kampuni, nami ni mtu mwaminifu. Nimempelekea lenye matundu, nimelikunja kwa ustadi. Hakulifungua mbele yangu. Chupa ninayo!

Pasaka, 11 Aprili

Nitaandika kwa utaratibu.

Saa tisa. Cercle imejaa. Mkurugenzi, watu wa serikali, wake zao wenye vilemba kama makanisa. Gracien yuko mlangoni, viatu vinalia. Mimi nyuma ya kaunta, koti jeupe, linanibana tumboni lakini linang'aa. Barafu. Sehemu mbili. Sehemu moja. Nikamimina polepole kiasi kwamba mama mmoja aliniuliza kama ninasali.

Mkurugenzi akanywa. Akafumba macho. Akasema ni kilekile, hakikupungua hata tone. Akaniomba cha pili. Akasema kwa sauti, watu wote wakisikia, kwamba Cercle imepata mtu. Nilijiona ndani ya ile nyumba, ninafungua bomba, ninalifunga, ninalifungua.

Hapo Gracien akasogea, mpole kama shemasi. Akamwambia mkurugenzi kwamba ni jambo la ajabu. Kazi ile ilikuwa ya Wakasai peke yao, tangu wakati wa Wabelgiji. Mlinzi wa makoleo ameijulia wapi?

Nilipaswa kusema ukweli. Nikasema ni ya ukoo. Nimezaliwa nayo.

Mkurugenzi akaweka glasi chini.

"Tata, nkambo yako alitoka wapi?"

Nikajibu kwamba sisi ni Waluba, ndiyo, lakini wa hapa Katanga, upande wa Lubudi, si wa Kasai. Gracien akacheka kidogo, akasema kila Muluba wiki hii ni wa Lubudi. Nikatoa kitambulisho. Kinasema nimezaliwa Kolwezi. Gracien akasema hata cha Badibanga kinasema hivyo. Kweli kabisa, niliwahi kukiona.

Mkurugenzi alimaliza glasi yake kwanza, hilo namshukuru. Kisha vijana wakaitwa; nimepewa hadi kesho niwe stesheni.

Jumanne, 13 Aprili

Niko stesheni. Nimefika jana na mkeka, sufuria na daftari hili. Agnès alisogeza watoto bila kuniuliza kitu. Nilipolala niligundua matundu ya turubai ni kumi na mawili. Badibanga amenigawia upande wenye matundu tisa. Hajasema lolote juu yake. Ningependelea aseme.

Ndaya amekuja. Hakulia, alinitazama tu kama anavyotazama mihogo sokoni. Ameleta ugali wa bukari, samaki mkavu kwa watoto wa Badibanga, na turubai zima kutoka magazini. Nilimuuliza amelipataje. Amesema mlinzi wa makoleo hayupo.

Ameondoka kwa lori la Aruna, mfanyabiashara wa chumvi, kwenda Lubudi. Kule parokiani kuna kitabu cha ubatizo chenye jina la baba yangu, la nkambo, na la kijiji. Akileta karatasi yenye muhuri wa padri, kiongozi wa vijana ameahidi kuniachia nirudi nyumbani. Kwenda na kurudi siku tatu, barabara ikikubali. Ameniagiza jambo moja tu: nikae kimya, nisijiandikishe. Ambaye jina lake haliko kwenye orodha ya behewa hapakiwi. Ambaye lake liko, haondolewi tena, hata alete karatasi ya Papa.

Jambo rahisi. Kukaa kimya. Nani atashindwa?

Jumatano, 14 Aprili

Treni ni kesho asubuhi! Stesheni yote inafunga mizigo.

Leo nimeona jambo. Kila behewa lina mkuu wake, anayeshika orodha. Mkuu anapata nafasi ya mlangoni, penye hewa, na stuli. Watu wanamwita chef, yaani bwana mkubwa. Mkuu wa behewa letu ni nani? Badibanga! Hata hapa! Na mwandiko wake, jamani, kama kuku aliyekunywa lutuku. Majina yanapanda mlima, yanashuka. Mimi nimeandika magazini miaka ishirini na mbili, herufi zangu zimenyooka kama reli.

Nimewaona wazee wa behewa, mmoja baada ya mmoja. Nimewaonyesha daftari hili, kurasa ambazo hazina mambo yangu. Wamevutiwa. Saa kumi wamekutana, wamenichagua mimi. Badibanga hakubisha. Alinivuta pembeni, akanishika bega, akaniambia Ndaya anarudi kesho kutwa, nitulie, nimwache yeye na orodha yake. Wivu! Miaka kumi na saba ya koti jeupe, bado hajashiba.

Orodha iko mkononi mwangu. Nimeiandika upya yote, majina sitini na manne, mistari imenyooka. Desturi ni kwamba mkuu wa behewa anajiandika wa kwanza. Nimeandika kwa herufi kubwa, nimepiga mstari chini mara mbili. Namba moja: NUMBI.

Treni itapita Lubudi bila kusimama. Nitakuwa mlangoni, juu ya stuli. Ndaya akiwa bado parokiani, nitampungia mkono. Mwishowe ataona mume wake amepewa cheo.