Bustani ya Kunyamaza

Jumatatu, 2 Juni
Baba ametangaza mezani. Magoti yamemshinda. Jumapili atakabidhi funguo za bustani yetu kwa mtoto atakayeonyesha kwamba anajua kuvuta wageni. Watoto tuko wawili: mimi, niliyesoma, na Kaka, anayetaka kuleta bembea na jumba la plastiki la kurukiaruka. Sikumcheka. Nilimtazama kwa huruma.

Jumanne, 3 Juni
Wazo! Wageni hawaji kuona maua. Wanakuja kutafuta utulivu, ila wenyewe hawajui. Nani azijue nafsi za watu kama mimi, ninayeshinda na yangu kutwa nzima? Kuanzia kesho hii ni Bustani ya Kunyamaza. Nimechomeka vibao kila kona: NYAMAZA, UJISIKILIZE. Kaka akauliza eti hii ni bustani au chumba cha mtihani. Wivu tu.

Jumatano, 4 Juni
Kikwazo: Shangazi. Ndiye mkata tiketi wetu, na mdomo wake hauna breki. Mtu anaomba tiketi, anapewa na ushauri wa ndoa. Nimemhamishia nyuma kabisa, kwenye lundo la mboji, awe analigeuza kwa koleo. Nikamwambia amepandishwa cheo. Akasema haya mwanangu, mradi nisimpangie na namna ya kupumua.
Getini nimekaa mwenyewe. Nawapokea wageni kwa kidole mdomoni.

Ijumaa, 6 Juni
Utulivu wa ajabu! Penye mawaridi, hakuna mtu. Bwawani, hakuna mtu. Mafanikio makubwa mno. Kaka anadai hata nyuki wameogopa. Mama mmoja aliingia, akaninong'oneza yule dada mwenye maneno yake yuko wapi siku hizi. Nikamwonyesha kibao. Akazifuata kelele huko nyuma.

Jumamosi, 7 Juni
Wageni tele! Wananipita kwa kunyata, vidole midomoni, moja kwa moja hadi kwenye mboji. Nikaenda kuchungulia. Shangazi ameegemea koleo, anasimulia jinsi marehemu mumewe alivyokuwa akiwakimbia kuku. Maharusi waliokuja kupigwa picha penye mawaridi wako hapohapo. Bibi harusi kakalia debe, gauni limekolea mboji, anacheka hadi machozi. Bwana harusi hacheki. Nadhani naye anaogopa kuku.

Jumapili, 8 Juni
Baba amekabidhi funguo. Kwa Shangazi! Amesema yeye alitaka mvuta wageni, na amempata. Kaka amenuna, ila akapata nguvu ya kuniambia kwamba yeye angalau ameshindwa bila vibao.
Nililia chooni, kimyakimya, kama sera yangu inavyotaka. Kisha nikatafakari kisomi. Ushahidi uko wazi. Mawaridi waliyapita, bwawa walilipita, wote wakaishia kwenye mboji. Kumbe watu wa siku hizi wana kiu ya mboji! Na aliyegundua ni nani?
Kesho nitamshauri meneja mpya tuizungushie kamba, tuweke na mabenchi. Yeye tu ndiye itabidi ahame. Anasimama mbele ya lundo, anawaziba watu.