Frein ya Tharcisse

Bunia, mutu mwenye hana kazi njo anajua habari za dunia kuliko minister. Sitaji batu. Nasema tu asubuhi ile, kwa chai ya Mama Joëlle hapa Mbunya, karibu na parking ya bamotard, siye batatu tulikuwa tunagombana juu ya muzungu mumoja mwenye aliteremuka mulima na vélo, ni kusema baiskeli, kule Ufaransa. Na kati yetu hakuna hata mumoja mwenye alishafika Aru, mu province yetu hii.

Mie ni Athanase, cordonnier. Bananiita Docteur, juu ninashona viatu sawa vile docteur anashona tumbo. Kiti yangu ni pneu moja ya camion. Mali yangu pia ni ileile: ninaikalia, na kila siku ninakata kipande, ninatengeneza kandambili ya mupira yenye haiishi. Mutu akinunua kwangu, bajukuu yake bataivaa.

Kushoto yangu alikuwa Mathieu, motard, anabeba batu na pikipiki; tunamuita Radio juu hata akilala kinywa yake inatoa habari. Kuume alikuwa Abdoul, anachimba dhahabu kule Mongbwalu. Shimo ikijaa maji anashuka Bunia kupumuzika. Yeye ni Carat. Haamini kitu yenye haijapita kwa mizani.

Mama Joëlle mwenyewe alikuwa anapepea babula, jiko yake ya makala. Moshi ilikuwa nyeusi, na harufu ilikuwa mubaya.

"Mama Joëlle," nikasema, "hii makala ulinunua kwa nani?"

"Makala ya leo ni hivyo. Kunywa, Docteur."

Radio akaweka téléphone katikati ya meza, akaiegemeza kwa mukebe ya sukari.

"Muangalie huyu mwenye maillot ya bleu. Sasa anateremuka. Commentateur anasema kilomètre quatre-vingt-quinze, tisini na tano, kwa saa."

"Camion gani inamusukuma?" Carat akauliza.

"Hakuna camion. Ni mulima njo inamusukuma."

Tukainama. Muzungu alilala juu ya guidon mpaka pua inataka kugusa pneu. Virage ya kwanza akapita. Ya pili akapita. Ya tatu, roue ya mbele ikateleza: mutu akaenda kwake, vélo ikaenda kwake, sawa bibi na bwana benye banatoka tribunal.

"Amekufa," Carat akasema.

"Ngoja kwanza."

Muzungu akasimama. Kaptula imepasuka, tako moja iko inje, kiwiko inatoka damu. Muguu moja iko na kiatu, ingine iko na soksi tu. Voiture moja ikasimama nyuma yake, mutu akaruka na kiatu mukononi, akamuvalisha mbiombio, akamusukuma mugongo, na yeye akapanda tena na kuendelea kuteremuka. Hata kulia hakulia.

"Hii si ujasiri," Carat akasema. "Hii ni ugonjwa. Mie ninaingia mu shimo, lakini shimo yangu haikimbie."

Hapo njo Tharcisse alifika, anasukuma kinga, vélo yake ya mizigo, yenye ameosha mpaka inangaa. Kwa shati yake alishona numéro ya course, ya mashindano. Kwa miguu alivaa viatu vya misa.

Lazima nieleze huyu Tharcisse. Ni bwana ya Mama Joëlle. Zamani, mbele moto za bamotard hazijakuwa mingi, alikuwa anabeba mizigo na kinga: unga na bidon anateremusha ku ziwa, samaki anapandisha Bunia. Njia ni Bogoro, na nyuma ya Bogoro mulima inaanguka mpaka Kasenyi, ku ziwa. Kinga yake haina frein, breki, ya kiwanda. Frein ni muguu yake ya kushoto: anavaa kandambili ya pneu, ileile nilimukatia mie, anarudisha muguu nyuma na kukanyaga roue. Kwa hiyo jina yake ni Frein. Na siku ile vijana ba quartier balipanga course ya kinga, kutoka Bogoro mpaka chini Kasenyi. Wa kwanza atapewa matelas ya kulalia. Fuso ya kubeba bashindani ilikuwa njiani.

Tharcisse aliingia course akiwa na bajukuu, juu mutoto mumoja wa parking alimuita muzee wa masimulizi. Alikosa usingizi juu ya ile neno.

"Mama Joëlle," akasema mbele hajakaa, "kandambili yangu ya frein iko wapi? Nimetafuta chini ya kitanda, hakuna."

"Nitakupatia. Kunywa chai kwanza."

Akakaa, akapewa kikombe. Radio akamuonyesha muzungu. Tharcisse aliangalia, akanywa, akaangalia tena, halafu akaweka kidole kwa kioo.

"Rudisha nyuma. Kidogo. Hapo. Muliona?"

"Tuliona nini?"

"Frein yake imetoka."

"Frein Tharcisse," Radio akasema, "ile ni kiatu."

"Weye unaendesha moto, huna akili ya kinga. Nikuulize. Mutu ameanguka, damu inatoka, tako iko inje. Banamuletea dawa?"

"Hapana."

"Banamuletea suruali?"

"Hapana."

"Banamuletea nini?"

"Kiatu."

"Bon. Juu bila kiatu atasimama na nini kule chini?"

Radio akarudisha vidéo nyuma, akaangalia kiatu tena. Mie nilifurahi, sitaficha. Miaka yote batu banazarau kazi ya cordonnier, kumbe Bulaya docteur wa viatu anapewa voiture, anafuata course nyuma. Nikasema hata semelle, chini ya kiatu, niliiona, ni ngumu, ni ya kazi.

"Docteur pia amekubali," Tharcisse akasema.

"Docteur anauza kandambili," Carat akajibu. "Muulize muchinjaji kama nyama ni muzuri."

"Mie niliteremuka Bogoro mara mingi kuliko nywele yako. Barrière za basoda zilikuwa mingi njiani. Bale bakubwa ba bunduki balikuwa banainua mukono baniombe kitu, mukono ikifika juu, mie niko ku ziwa."

"Basi vile ulikuwa mbio," Carat akasema, "ulikuwa unafika Kasenyi mbele ya kutoka Bogoro. Unajikuta kule, unajisalimia."

Hata Tharcisse alicheka. Mama Joëlle hakucheka. Alipepea, moshi ikazidi, Radio akakohoa.

"Zamani bazungu balikuwa banakalia tube," Radio akasema, juu hawezi kunyamaza mingi. "Banashuka kwa selle, banakaa kwa chuma ya mbele, banajikunja, vélo inaruka. Bakubwa ba course bakakataza. Ni hatari."

"Kwetu kwa tube njo nafasi ya mutoto kuenda baptême," nikasema.

"Na iko voiture ingine inakuja nyuma ya bote. Banaiita voiture balai. Sawa ufagio. Mwenye amechoka, mwenye amevunjika, inamuokota, banamutosha numéro kwa mugongo. Hapo banasema amefanya abandon."

Mama Joëlle akaacha kupepea.

"Amefanya nini?"

"Abandon, Mama. Ni neno ya course."

"Mie najua abandon moja tu. Ile ya bwana mwenye anatoka asubuhi na harudie."

Tharcisse akaangalia kikombe yake. Siye bote tulijua anasema nini. Mama Joëlle alishakuwa mujane. Bwana yake wa kwanza, Constant, alikuwa convoyeur, mulinzi wa mizigo juu ya camion, na camion yake ilianguka kwa mulima ileile, nyuma ya Bogoro. Tharcisse mwenyewe njo alipita pale na kinga, akamuleta Bunia juu ya samaki, akamufunika na koti yake. Ni hivyo balijuana. Hii story hapa kijiweni hatuiguse.

"Mama Joëlle," Tharcisse akasema polepole, "ukiamuka kesho tutakuwa na matelas mupya."

"Ya kulala na nani?"

"Na mie."

"Weye utakuwa na plâtre ya hôpital mpaka shingo. Matelas itakuwa ya bale ba matanga."

"Mutu akiniita muongo mbele ya batoto, nifanye nini?"

"Umuuzie kikombe ya chai na umuache. Muongo mwenye anapumua ni muzuri."

"Kuna njia ya katikati," Carat akasema. Mutu wa dhahabu anapenda kupatanisha. "Soko iko hapa. Anunue frein ya kiwanda, aifunge, ateremuke polepole, awe wa mwisho. Atakuwa amefika."

Tharcisse akasimama kabisa.

"Jina yangu ni nani?"

"Frein."

"Umeshaona wapi frein inaenda ku soko kununua frein?"

Hapo Radio akapiga meza, vikombe vikaruka. Na mu ile kicheko tukasikia honi. Fuso ilikuwa inakuja upande wa rond-point, kinga zimesimamishwa juu sawa pembe za ngombe, vijana banaimba. Tharcisse akatosha kiatu ya misa ya kushoto, akabaki na soksi. Nilimuangalia, nikakumbuka muzungu wa téléphone, na sikupenda.

"Mama Joëlle. Nimeshakunywa chai. Leta kandambili."

"Nimeshakupatia."

"Umenipatia wapi?"

"Umeshaikunywa."

Hatukuelewa. Alichukua kitambaa, akainua sufuria, akatuonyesha babula. Kati ya makala kulikuwa kitu nyeusi inatokota, inatoa povu, na juu yake misumari imekuwa nyekundu. Misumari ile niliijua. Nilipiga mie mwenyewe.

Radio akaangalia kikombe yake. Carat alikuwa amekunywa vikombe vitatu. Akanusa kidole yake.

"Frein ya miaka yote," Tharcisse akasema. Sauti ilikuwa ndogo.

"Ilichelewa kushika moto," Mama Joëlle akasema. "Nilianza nayo asubuhi. Hasira unaweza kunikasirikia, nitaibeba. Maiti ingine toka ile mulima sitabeba. Ninakupenda, Papa Joëlle, na niliogopa kukuambia juu ungecheka, ukaenda."

Bibi yangu hajasema hivyo mbele ya batu hata siku ya ndoa. Nikaangalia ndala zangu. Lakini Tharcisse alikuwa ameshanigeukia.

"Docteur. Unikatie ingine. Mbio. Fuso itaningoja."

"Mupira imekwisha," nikasema.

"Umeikalia."

Bote bakaangalia chini yangu. Pneu ya camion, imebaki mupira ya kutosha kuvalisha batalioni. Mama Joëlle aliniangalia, mupepeo mukononi, na mie nilimuona sawa vile alikuwa siku ya matanga ya Constant.

"Hii?" nikasema. "Hii ni kiti."

"Athanase."

"Ndeko, ndugu yangu, mutu hakati kiti yenye anaikalia. Nenda umuulize mutu yeyote unataka."

Fuso ikapunguza mbele yetu. Vijana juu bakaita: "Frein! Frein!" Mutoto yule wa parking alikuwa nabo, amekenua meno. Tharcisse alisimama pale, muguu moja ya misa, muguu moja ya soksi, mukono kwa guidon. Alibaki hivyo mpaka chauffeur akapiga honi tena. Halafu akainua kikombe yake juu, sawa mutu anasalimia, na kwa mukono ingine akabapungia baende.

Fuso ikaenda. Vumbi ikatufikia, ikakutana na moshi.

Mama Joëlle alichukua ufagio yake kwa ukuta, akaja mpaka mbele ya bwana yake, akanyoosha mukono.

"Voiture balai imefika," akasema. "Leta numéro."

Tharcisse akakata uzi na meno. Alichelewa kidogo, juu alishona muzuri. Akamuwekea ile kitambaa mu kiganja.

"Basi," akasema, "nimefanya abandon."

"Hapana," Mama Joëlle akasema. "Ungeenda, njo ungefanya abandon."

Radio akapata client, akaenda. Carat akaenda kutafuta maziwa, alisema ni dawa ya mupira. Tharcisse akakaa, akavaa kiatu yake ya misa, akaomba chai ingine, lakini ya makala tu. Mie nilikuwa na haja ndogo tangu Fuso haijafika, lakini nilibaki pale juu ya pneu mpaka saa sita. Kisu yangu ya kukata mupira ilikuwa juu ya meza, na Tharcisse alikuwa anaiangalia.