Chuchu Chini ya Boneti

Jumatatu, 4 Machi

Nisamehe, daftari. Tangu Bosi azaliwe sijakuandikia hata mstari. Bosi ni mwanangu, ana miezi minane, na ndiye anayepanga ratiba ya nyumba hii.

Sasa yamenifika. Gari linanuka petroli. Taa ya injini inawaka, ya manjano, haina haya. Fundi Taratibu kafungua boneti, kanyoosha kidole: kibomba cha plastiki kinachopeleka mvuke wa petroli kwenye injini ukachomwe kimepasuka kwenye kona. Kasema plastiki ya gari la umri huu imeshaiva kwa joto, haiungwi, inabadilishwa. Na Alhamisi ni ukaguzi wa moshi. Nikamwambia nitafikiria. Nilikuwa nimeshafikiria. Gundi!

Jioni kaja mama mkwe, kanusa. Kasema mjukuu wake hapandi humo. Gari likikataliwa Alhamisi, Bosi ahamie kwake, niwe namwona mwisho wa wiki. Maana zamu yangu ya kufua mashuka hospitalini inaanza kabla ya basi la kwanza, na bila gari sina namna ya kumfikisha kwa mlezi. Kasema kwa upole. Upole huo ndio ulioniuma.

Jumanne, 5 Machi

Bosi alipolala mchana, nikapaka gundi. Ikashika! Ikashika kibomba, kidole gumba changu na kitambaa cha kumfutia Bosi udenda. Nikabaki nimeinama juu ya injini kama niliyefiwa nayo. Bosi akaamka, akalia. Nikajivuta. Kidole kimetoka, kona ya kibomba imekuja nacho. Pamoja na kipande kilichofuata, ambacho hakikuwa na kosa lolote.

Baba Bosi kapiga simu kutoka kazini kwake huko mbali. Kashauri nimsikilize fundi. Rahisi kuwa na busara ukiwa mbali.

Mama mkwe naye kapiga, kauliza gari linaendeleaje. Nikasema linaendelea vizuri. Nikalisema vile wauguzi wanavyolisema wodini, ndugu wa mgonjwa wakiwa wameshaitwa.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata! Nilikuwa naosha chupa ya Bosi. Chuchu yake! Mpira laini, unavutika, umetengenezwa makusudi kuzuia kumwagika. Nikaikata ncha, nikaunganisha vipande, nikakaza kwa uzi wa kushonea. Nikachomoa waya wa betri, nikaurudisha, ili taa isahau. Taa imezimika. Harufu hakuna. Nikasimama pale na mikono ya grisi, machozi yananilenga. Bosi habanduki kwangu.

Saa ya maziwa nikakumbuka kwamba chuchu ilikuwa hiyo hiyo moja. Kikombe kakirusha. Nimemnywesha kwa kijiko mpaka mkono ukafa ganzi, naye macho dirishani, kwenye gari. Anajua.

Alhamisi, 7 Machi

Foleni ndefu, jua kali, injini inachemka. Sikujua kwamba mvuke wa petroli na mpira ule havipatani. Mkaguzi alipofungua boneti, chuchu ilikuwa imevimba, imelegea, inaning'inia. Kauliza hiki nini. Nikasema cha mtoto. Kaita mwenzake. Mwenzake kavua kofia. Kauliza ni ya umri gani. Nikasema miezi sita na kuendelea. Akaliandika hilo!

Limekataliwa.

Ijumaa, 8 Machi

Jana nilimpigia mama mkwe, nikakiri yote, hata chuchu; leo kafika na begi kubwa. Nikamkumbatia Bosi, nikamwambia mama, nakuheshimu, lakini mwanangu haendi. Nitambeba mgongoni mpaka kazini, mvua inyeshe isinyeshe. Nilisimama wima, ingawa nilikuwa nimevaa kandambili mbili zisizo pea.

Kaniangalia zile kandambili, kisha uso. Kasema begi ni la nguo zake. Kasema we mtoto, hebu jitazame, nani kakwambia nataka kukunyang'anya? Alitaka nipate usingizi, basi. Kama Bosi haendi, yeye anakuja, na usiku ataamka yeye. Chini ya nguo akatoa kibomba kipya, kile alichomtajia Taratibu alipopita kwake, na chuchu mpya ya chupa. Kila kimoja mahali pake, kasema, usivichanganye.

Nimelia. Fundi kakifunga kibomba Bosi hajamaliza uji wake.

Jumamosi, 9 Machi

Limepita! Mkaguzi alionekana kusikitika kidogo. Nadhani alikuwa ameshawaalika wenzake waje kutazama. Nimelala usiku kucha, Bosi kwa bibi yake, chumba cha pili.

Ila Taratibu kaona lile tangi la plastiki la maji ya rejeta, yanayopoza injini, lina ufa. Kasema libadilishwe mapema. Nimemwambia nitafikiria.

Baba Bosi nimeshamwandikia anitumie: chuchu nne, za mpira mgumu, miezi tisa na kuendelea. Gundi, mirija miwili. Uzi, safari hii mweusi, usionekane upesi. Kandambili, pea moja kamili. Na mzigo asiandike jina la mama yake, aandike langu.