Hatari Zilizopatikana

Jumatatu, tarehe 6

Balaa! Nimewasha kompyuta, antivairasi ikajifungua yenyewe. Kisanduku kikubwa, ngao nyekundu juu yake. Maandishi: HATARI ZILIZOPATIKANA. Kisha nukta mbili. Kisha ukingo wa kioo. Basi! Maneno yaliyobaki yameishia nje. Hatari zipi? Ngapi? Hata vitufe vya chini vimekatwa. Vinachungulia vichwa tu, kama viboko mtoni.

Jasho limenitoka hadi kwenye vidole vya miguu. Humu ndani mna picha zote za mama mkwe, tangu alipokuwa muuguzi mwanafunzi. Jumamosi anaagwa hospitalini, anastaafu, na picha zitaoneshwa ukutani. Za karatasi nilizozinakili zimesharudi kwa wenyewe, kila moja na mji wake.

Na kazi hii ya kuziandaa niliipigania! Mdogo wake mke wangu, yule tunayemwita Injinia kwa sababu ya kofia ngumu aliyoiokota sijui wapi, alishanyoosha mkono. Nikamkata kauli mbele ya ukoo mzima. Nikasema mambo ya kompyuta niachiwe mimi.

Asijue. Mtu yeyote asijue.

Jumanne, tarehe 7

Nimejaribu kuchungulia kioo kwa pembeni, pengine maneno yanaendelea kule. Mke wangu akanikuta shavu limegusa ukuta. Akauliza kulikoni. Nikamwambia napima joto la mashine. Akaenda zake.

Mpango mpya: kioo kikubwa! Kama chumba ni kidogo, jenga kikubwa. Nimeazima kile cha mhasibu kazini, nikamdanganya kwamba nakwenda kukifuta vumbi. Nimekibeba mgongoni kwenye mvua, kimefungwa kwa koti langu. Mimi nimelowa chapachapa, chenyewe kikavu kabisa.

Nimekichomeka. Mungu wangu! Kisanduku nacho kimekuwa kikubwa. HATARI sasa ina upana wa mlango, na maneno bado yamekatwa palepale.

Jumatano, tarehe 8

Nimeamka na akili. Maneno hayaingii kwa sababu Kiswahili chetu kina maneno marefu! Dawa yake ni lugha yenye maneno mafupi. Nimeingia kwenye orodha ya lugha, nikachagua ile ambayo jina lake ni fupi kuliko yote.

Kosa. Herufi zimekuja kama ndoano zilizomwagika sakafuni. Sijui hata zinaanzia kushoto au kulia. Na orodha ya lugha nayo siioni tena.

Lakini kitufe kimoja sasa kilionekana chote! Nikakibonyeza kabla hakijabadili nia. Mashine ikanguruma. Nikasubiri, nimefumba macho. Nilipofumbua, alama ya vema, kijani kibichi!

Nimeruka juu. Nimemtumia Injinia ujumbe kwamba nimeua virusi kwa mikono yangu mwenyewe, na kama ana tatizo lolote nyumbani kwake asione haya kuniita.

Alhamisi, tarehe 9

Nimefungua folda ya picha za mama mkwe.

Tupu.

Nimeifunga, nikaifungua tena polepole, kama mtu anayefunua chungu. Tupu! Nimekaa sakafuni kwa sababu kiti kilikuwa mbali.

Nikatafakari. Mfa maji haachi kutapatapa. Si Injinia alileta flashi yake hapa Jumapili? Nikamwambia mke wangu, kwa huzuni na bila chuki yoyote, kwamba flashi ya mdogo wake imeua picha za mama yao.

Nilitegemea alie kidogo, tupange pamoja namna ya kumsamehe. Kumbe! Alichukua simu papo hapo, akampigia, akaweka sauti ya nje, akanipa mimi niseme. Nikasema mtandao unakatika. Injinia akasema nasikia vizuri sana, shemeji, nakuja kesho. Na Mama naja naye.

Mama! Yeye mwenyewe!

Ijumaa, tarehe 10

Wamekuja. Injinia na kofia yake. Amekaa kwenye kiti changu, akatazama zile ndoano kwa muda mrefu, akatikisa kichwa kama daktari. Akasema hili ni suala la umeme. Akaipiga kofi kompyuta. Moyoni nikafurahi: naye hajui! Tukaanza kubishana. Mama mkwe alikaa kwenye kochi, mkoba mapajani.

Mke wangu akapita na kapu la nguo. Akasimama. Akauliza kwa nini maandishi ni makubwa kama bango la barabarani. Nani aliyakuza?

Ilibidi niseme. Ni mimi, mwezi uliopita. Si kwamba sioni! Ni kwamba siku hizi wanaandika vidogo makusudi. Akaweka kapu chini, akabofya hapa na pale, maandishi yakarudi udogo wake. Kisanduku nacho kikanywea, kikaingia chote ndani ya kioo. Akarudisha Kiswahili.

Nikasoma kwa sauti, au nilijaribu, mke wangu akanisaidia. HATARI ZILIZOPATIKANA: HAKUNA. Hakuna! Siku zote hizi! Na ngao? Nyekundu ndiyo rangi ya kampuni, hata kompyuta ikiwa nzima. Chini yake mstari mwingine: kwa amri ya mtumiaji, picha zote zimewekwa karantini.

Injinia akavua kofia. Akasema pole, Mama, ndiyo basi tena.

Mama mkwe akaanza kucheka hadi mkoba ukaanguka. “Karantini? Wanangu, mimi nimesimamia wodi ya karantini. Aliyemo hajafa! Anapimwa, akionekana mzima anaachiwa arudi kwao. Hebu angalieni mlango wa kutokea uko wapi.”

Ulikuwepo. Kitufe cha chini kabisa: Rudisha. Picha zikamiminika moja moja, mama mkwe na kofia nyeupe, mama mkwe na watoto njiti, mama mkwe kijana, mwembamba, amesinzia wima. Nikapenga kamasi. Ni vumbi la kile kioo cha mhasibu.

Jumamosi, tarehe 11

Ukumbi umejaa. Picha zimependeza, wauguzi wamelia. Mganga mkuu akauliza nani fundi. Nikasimama. Nikaeleza kwamba kwa usalama niliziweka karantini kwa siku kadhaa. Injinia akakohoa. Mama mkwe akasema mbele ya wote, “Kweli, mwanangu alizihangaikia sana.” Aibu ilinishika, lakini makofi yakaiondoa.

Baadaye akanivuta pembeni, akaniomba nimsomee kitambaa kilichotundikwa mbele. Nikasoma: Hongera kwa Ustaarabu. Kumbe kimeandikwa Hongera kwa Kustaafu. Akasema Jumatatu atanipeleka mwenyewe kwa daktari wa macho. Nimekataa kwa adabu. Mwanga wa ukumbi ulikuwa mbaya.

Jumapili, tarehe 12

Nimetafakari kwa kina chanzo cha yote haya. Nimekipata: mlinzi alikuwa mmoja! Mlinzi wa peke yake hujiamulia mambo. Wawili huamshana na kuchungana.

Kwa hiyo leo nimeweka antivairasi ya pili, ya kampuni nyingine. Sasa kila moja inadai mwenzake ni kirusi na inaniomba ruhusa ya kumwangamiza.

Nimezipa ruhusa zote mbili. Itakayobaki ndiyo bora.