Kuhusu Afya ya Elani Aitwaye Amissi

Auderghem, Jumatatu

Madame Mkurugenzi wa Chama cha Kutunza Elani,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Ninakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu hasira yangu haijajifunza Kifaransa. Dady, karani wenu mtu wa Lubumbashi, atakutafsiria, na asithubutu kupunguza makali.

Mwezi wa tatu, mimi na mume wangu Hamza tulijiandikisha kwenu tuwe walezi wa mbali, wa kuchangia pesa, wa elani mmoja wa Kanada, yule mnyama mrefu kuliko farasi, pembe pana kama sinia. Ilikuwa zawadi yetu kwa baba mkwe, aliyeko Bujumbura, kwa kutimiza miaka themanini. Kwenye fomu mliuliza jina la mnyama. Kwa heshima tukaandika la mzee mwenyewe: Amissi. Kwetu sisi, ukimpa mtu jina lako yeye ni somo yako, na ugonjwa wake ni wako.

Sasa tazama habari mnazotutumia, nami namsomea mzee kwa simu:

1. Aprili: Amissi ana kupe elfu kumi na mbili, amejikuna kwenye miti hadi manyoya yamekwisha. Toka siku ile mzee naye anajikuna. Ng'ombe wa kwetu wanaogeshwa dawa, sembuse yeye!

2. Juni: mbwamwitu saba, wakiongozwa na jike, wanamfuata. Mnaongeza, bila haya, kwamba wanakula wagonjwa ili kundi lipate afya. Ala! Mimi nahudumia wagonjwa hospitalini Woluwe, mwaka wa kumi na moja huu, na hatujawahi kumfungulia simba mlango ili wodi ipate nafuu. Naomba mbwamwitu hao waondolewe wote.

3. Agosti: moto umeteketeza msitu wake, ila tusijali, baada ya moto huota majani mororo. Alors, nyumba yako ikiungua, Madame, nikuletee saladi?

4. Juzi: kola yake ya shingoni, ile inayotuma ishara, imenyamaza, hamjui alipo. Hili sikuweza kumsomea mzee. Nilisema mtandao mbaya, nikakata simu, nikalia jikoni.

Maana mzee ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Atapasuliwa tarehe kumi na nne, lakini ameapa hapasuliwi mpaka somo yake apone. Akipofuka, Madame, amepofuka mikononi mwenu.

Basi mtafuteni, mwogesheni, mlindeni. Au mleteni hapa. Msitu wa Soignes uko karibu na kwetu, sijaona mbwamwitu humo, na kwa mvua hii hata kiberiti hakiwaki.

Wasalimie wote ofisini, na nyumbani kwako pia, hawana kosa.

Mwenye uchungu na heshima,
Nadia, mkwe wa Amissi wote wawili

N.B. Nilikuwa nabandika stempu, simu ikalia kutoka Bujumbura. Mama mkwe, Bibi Mwanakombo, amenuna: mumewe ana somo Kanada, yeye hana. Ameuliza habari zote, ikabidi niseme na ya kola. Kisha akachagua: anamtaka mbwamwitu jike, yule anayewaongoza wenzake sita. Kwa hiyo futeni ombi langu la namba mbili. Yule sasa ni mama mkwe, asiguswe, na akishinda njaa nijulisheni. Mzee, aliyekuwa akisikia pembeni yake, amecheka hadi kukohoa. Anasema amemkwepa Mwanakombo miaka hamsini na mbili na bado yu mzima, somo yake naye amejificha tu. Amekubali kupasuliwa. Anataka macho mazuri, amwone mkewe akija.