Chini ya Ng'ombe wa Garland

Jumatatu, 3 Machi
Nimekuwa tajiri! Leo wakili ametusomea wosia wa shangazi Oleta. Mimi na dada yangu Verna tumeachiwa, nusu kwa nusu, haki ya mafuta na gesi chini ya lile shamba la babu. Si shamba lenyewe. Shamba babu aliliuza ukame ulipokausha Oklahoma yote, lakini kilicho chini alikataa kukiuza, na shangazi akakikalia mpaka kufa. Juu sasa wanakula nyasi ng'ombe wa Garland Pruitt, ambaye ananidharau tangu shule. Verna kaniambia nisitie sahihi popote mpaka tuongee. Kwa nini ananiona mtoto? Nina miaka hamsini na minane!

Jumanne, 4 Machi
Nimekwenda kwa Garland kumjulisha. Buti za kanisani, kofia safi. Nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba ng'ombe wake wamesimama juu ya mali yangu. Akaegemea nguzo ya seng'enge, akacheka. Akasema, "Basi shuka ukaichukue, kaka. Ila nyasi usinikanyagie." Nikageuka kwa madaha, nikakanyaga mavi. Kufika saa nne mkahawa mzima ulikuwa unaniita Mfalme wa Chini. Hata mhudumu!

Jumatano, 5 Machi
Barua! Bwana mmoja wa Dallas, simjui, anataka kununua nusu yangu. Fedha yake inatosha pikapu mpya nyekundu. Nitapita nayo polepole mbele ya lango la Garland. Hati imekuja imeshachapwa, inangoja sahihi yangu na muhuri wa benki tu. Verna nitamwambia baadaye, akishaipanda pikapu.

Alhamisi, 6 Machi
Darlene wa benki, mwenye muhuri wa kuthibitisha sahihi, aliuliza kama Verna ana habari. Nikajibu kwamba Verna ana habari nyingi sana. Si uongo. Muhuri ukagongwa, hati nimeiposti. Stempu sikununua. Nina bakuli zima la stempu ambazo posta walisahau kuzigonga. Nazilowesha, nazikausha dirishani, nazibandika kwa gundi. Miaka kumi na sita serikali haijala senti yangu ya stempu!

Jumapili, 9 Machi
Chakula cha mchana kwa Verna. Nyama ya kukaanga na mchuzi mweupe. Kabla ya pai akatoa karatasi. Kampuni kubwa inataka kuchimba palepale! Hainunui, inakodi, na kila pipa likitoka tunapata fungu letu, sisi na wajukuu. Verna akasema ndiyo maana wajanja wa Dallas wanawaandikia watu wauze haraka kabla hawajasikia. "Wewe hawajakuandikia, kaka?" Nikasema hapana. Uma ukanidondoka.

Kisha akalia kidogo. Akanikumbusha kwamba babu alikula maharage matupu majira mawili ya baridi ili asiuze cha chini. Nami nimekiuza kwa pikapu! Nimeona aibu kubwa. Pai sikuigusa. Verna akanishika paji la uso, akidhani nina homa.

Jumatatu, 10 Machi
Nimempigia bwana wa Dallas, nikamsihi anirudishie hati. Akasema, kwa upole wa kuudhi, kwamba ikimfika mkononi imekwisha, mzee wangu, inakwenda kuandikishwa. Ikimfika! Kumbe bado! Nimekimbia posta. Lonnie wa dirishani akasema barua hazikai hapo kungoja watu wajute. Nimemwomba Mungu yule bwana ahame nyumba leo hii.

Jumanne, 11 Machi
Imerudi! Bahasha ileile, ndani ya sanduku langu la barua! Pembeni wamegonga kwa wino mwekundu: stempu imeshatumika, irudishwe kwa mtumaji. Nimekaa kwenye ngazi za kibaraza nikalia kwa furaha. Ah, nimepona! Nimeichoma hati kwenye jiko la nyama, na muhuri wa Darlene ndani yake. Garland akapita, akauliza Mfalme anachoma nini leo. Nikampungia mkono. Siku kama hii nampenda hata Garland.

Mchana Verna kaja na mkataba wa kukodisha, yeye keshatia sahihi. Nikatia yangu hapohapo. Lazima uifikie kampuni kabla ya Ijumaa, la sivyo wanahamia shamba jingine nasi tunabaki na ng'ombe wa Garland. Alitaka kuuposti mwenyewe. Nikamwambia aniachie, angalau hili nimfanyie. Akanitazama muda mrefu, akanibusu shavuni, akaniachia. Dada mwema kuliko wote.

Nimekwisha kuutumbukiza kwenye sanduku la posta. Na kabla ya kuichoma ile bahasha ya Dallas, niliokoa stempu. Wino mwekundu haukuigusa hata kidogo! Imelowa vizuri, imekauka vizuri, na gundi safari hii nimeweka nyingi zaidi.